Majani ya Kiota cha Tiva

Zamani, picha zikiwa bado zinasafishwa gizani, mzee Privatus alikuwa na studio Mwanza mjini. Watu wa Mkuyuni, mtaani kwake, wanasema mkono wake ulikuwa na dawa. Alimpiga picha bwana harusi mmoja mwenye uso kama kiatu kilicholoa mvua. Picha ilipotoka, bibi harusi aliitazama akauliza, "Huyu kijana mzuri ni nani, na ameoa?" Chumvi imo humo, lakini si ya kuharibu mboga.

Kisha simu zikaja, na kila mtu akawa mpiga picha. Privatus akafunga studio akabaki na kamera moja yenye lenzi ndefu. Akageukia kuwapiga picha ndege wa ufukweni.

"Ndege hawana simu," alisema. "Hawa bado wananihitaji."

Mkewe, Bernadetta, alikuwa na presha ya macho. Hospitali walimpa dawa ya matone ili macho yasizidi kuharibika. Lakini nuru iliyokwisha kupotea haikurudi. Alichoweza kuona ni kitu kikubwa kilicho karibu na uso. Masikio, hata hivyo, alikuwa nayo. Sisimizi akipiga chafya Usagara, Bernadetta wa Mkuyuni alisema, "Pole."

Kila Jumamosi wazee hawa walishuka ufukweni, penye mawe makubwa na vichaka. Bernadetta alisikia ndege akamtaja jina. Privatus alimtafuta kwa lenzi akampiga picha. Wakirudi nyumbani, picha iliwekwa kwenye runinga, imekuzwa hadi inajaza kioo. Bernadetta alisogea mpaka pua inagusa, akamwona ndege wake. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yao.

Jumamosi moja Bernadetta alimshika mumewe mkono.

"Baba Winnie, simama. Tiva hao."

Tiva wa kwetu ziwani ni mweusi mgongoni na mwekundu kifuani, wekundu wa kukufanya ugeuke. Huimba wawili, dume na jike. Mmoja hupiga filimbi, mwenzake hudakia kwa sauti ya kukwaruza, upesi mno hata utadhani ni ndege mmoja.

"Mmoja amebeba kiwavi mdomoni," Privatus alinong'ona. "Anaingia kichakani. Mama Winnie, wana kiota!"

"Wana watoto?"

Privatus alisogea. Akasogea tena. Kiota kilikuwa ndani ya kichaka cha miiba, kimefunikwa na majani. Ndani yake makinda wawili walipanua midomo.

"Wawili! Lakini majani yamewaziba. Kwenye picha hutaona kitu."

"Kwani hutaweza? Natamani kuwaona, mzee wangu."

Privatus alikuwa na mazoea ya studio. Nywele zikimziba mtu uso, alizisogeza. Kitambaa kikileta kivuli, alikiondoa. Akatoa mkasi mfukoni.

Kacha. Kacha.

"Mkasi wa nini huo?" Bernadetta aliuliza.

"Nasafisha kidogo. Majani yamekaa kama pazia."

"Na pazia la watu unalikata?"

"Nalikata ili uwaone."

Bernadetta akaegemea jiwe, akangoja.

Tiva mkubwa alitua tawi la jirani, kiwavi bado mdomoni. Alirukaruka huku na huku akipiga kelele.

"Mtazame!" Privatus alicheka. "Ananipozia kama bi harusi wa Nyamagana!"

Alikaa pale akipiga picha hadi jua likawa kali. Muda wote huo tiva hakuingia kiotani.

Nyumbani, picha ilijaza runinga. Makinda walionekana hadi manyoya yao machanga. Bernadetta aligusa kioo kwa vidole, machozi yakamtoka.

"Nimewaona," alisema. "Baba Winnie, nimewaona kweli."

Privatus hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile. Hata leo hajawahi.

Jumapili, wakitoka kanisani, walipitia ufukweni. Bado walikuwa mbali na kichaka, Bernadetta akasimama.

"Hawaimbi," alisema. "Wanalia."

Privatus akatangulia. Kinda mmoja alikuwa amelala ukingoni mwa kiota, shingo imelegea, amekauka kwa jua. Wa pili hakuwepo. Juu ya jiwe alisimama kunguru, anafuta mdomo wake. Jua lilipiga kiota chote. Hapakuwa na jani hata moja la kulikinga.

"Kuna nini?" Bernadetta aliuliza nyuma yake. "Niambie."

"Kunguru," alisema Privatus. "Kunguru mwizi amewamaliza."

Akaokota jiwe akamtupia. Hakumpata.

Jirani yao, Evelina, alikuwa akipita na darubini yake shingoni. Evelina huongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Aliona nyuso zao akasogea.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Privatus. "Hebu ona ushenzi wa kunguru."

Evelina alitazama kiota. Kisha akainama akaokota kijitawi kilichonyauka. Ncha yake ilikuwa imekatwa sawasawa.

"Mzee, kunguru yupo hapa siku zote. Majani haya nani ameyakata?"

Privatus alitazama viatu vyake.

"Nilitaka picha itoke vizuri."

"Tiva hajengi ndani ya majani kwa bahati," Evelina alisema taratibu. "Majani ni mwavuli wake, jua lisiwakaushe watoto. Tena ndiyo mlango wake, adui asione ndani. Ukiyakata umeezua nyumba na kung'oa mlango siku moja."

"Lakini mama yao alikuwepo! Alikuwa hapo tawini na kiwavi mdomoni."

"Aliingia kiotani?"

"Hapana. Alikuwa anarukaruka tu, anapiga kelele."

"Alikuwa anakuomba uondoke, mzee. Ndege akibeba chakula na haingii, ujue umemkaribia mno. Watoto wanashinda njaa. Na zile kelele kunguru naye anazisikia, anakuja kuangalia kuna nini."

Privatus aliketi juu ya jiwe.

"Nilisema ananipozia," alisema.

Bernadetta alipapasa hewani mpaka akalipata bega lake.

"Usijibebeshe peke yako. Mimi niliusikia mkasi. Nilijua si vizuri. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuona."

"Watarudi?" Privatus alimwuliza Evelina.

"Wazazi wanaweza kujenga tena mahali pengine. Lakini watoto hawa wamekwisha kwenda, mzee. Siwezi kukudanganya."

Wiki ile Privatus hakushika kamera. Padri alisikia habari za picha nzuri ya makinda, akaiomba kwa ajili ya kalenda ya parokia.

"Hiyo siitoi, Padri," alijibu. "Walioko humo waliuawa na mpiga picha."

Mvua zilipoanza, Evelina aliwagongea. Alikuwa amesikia tiva wanaimba upande wa pili wa mawe.

"Twendeni, lakini kwa masharti yangu," alisema. "Mkasi unabaki nyumbani. Tukikiona kiota, hatukisogelei, hatukigusi, wala hatumwambii mtu kilipo. Tunakaa mbali, na lenzi ifanye kazi yake. Akianza kupiga kelele, sisi ndio tunaondoka. Na usimpigie sauti ya tiva iliyorekodiwa kwenye simu ili aje. Atadhani adui ameingia kwake, aache watoto akapigane na simu."

"Na jani likiziba?"

"Likiziba, limeziba."

Walikaa mbali, wamejifunika kitenge cha rangi ya majani makavu. Tiva aliingia kichakani na chakula, akatoka, akarudi tena. Hakupiga kelele. Wazee wakawa wanakuja kila Jumamosi, wanakaa kidogo, wanaondoka.

Mwishowe, asubuhi moja, kichaka kilitikisika. Privatus alinyanyua kamera haraka. Lenzi ikajaa jani moja kubwa la kijani. Alipoishusha, makinda waliokwisha kuota mabawa walikuwa wanarukia tawi la pili, wanayumba kama walevi. Kisha wakapotea ndani ya majani. Nyuma yao wazazi waliimba, filimbi na mkwaruzo.

"Umepata?" Bernadetta aliuliza.

"Sikupata. Jani limeziba."

"Umewaona?"

"Nimewaona."

"Basi nisimulie. Lakini usitie chumvi."

Privatus akamsimulia. Rangi zao bado zimefifia, alisema, wekundu haujakolea. Mmoja ana mkia mfupi. Mwingine aliteleza, akashika tawi kwa mguu mmoja, akapanda tena. Hakuongeza hata neno.

Bernadetta alisikiliza, uso ameuelekeza kichakani.

"Ni wangapi?"

"Wawili."

"Kama wale."

Privatus alifunika lenzi yake polepole.

"Ndiyo, Mama Winnie. Kama wale."