Kikomeo Kisicho na Ufunguo

Wewe, umewahi kuwaza kufuli dogo kiasi kwamba maelfu yake yanakaa juu ya ncha ya sindano? Mhandisi Mwantumu Shekue wa Tanga alilitengeneza, akaliita kikomeo. Kwenye ubongo na uti wa mgongo mna vipokezi, vijitundu ambamo mofini na heroini huingia kama ufunguo mlangoni, maumivu yakalala, raha ikaamka. Kikomeo kilikaa ndani ya kila kijitundu, kikakiziba kwa maisha yote.

Wa kwanza kuchomwa sindano ya vikomeo alikuwa mwanawe mwenyewe, Sefu, teja wa miaka kumi na tisa, aliyekwisha kuuza hata sufuria za pilau za marehemu bibi yake. Alichomwa jikoni kwao akiwa na arosto, ule ugonjwa wa kukosa heroini, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Akaacha unga. Jiji zima likafuata, vijiwe vya kuuzia unga vikafa, na watoto wa kike wakapewa jina la Mwantumu.

Basi, miaka kumi na miwili baadaye mtungi wa gesi ulilipuka karakanani, Sefu akaungua kifua chote. Muuguzi-chuma wa wodini, roboti mwenye vidole laini vya mpira, akamdunga mofini mara tatu.

"Dawa haijapata pa kukaa," akasema. "Nikiongeza nitamdhuru, mama. Nipe ufunguo wa kikomeo."

Mwantumu alitazama sakafu. "Sikuutengeneza. Ungekuwepo, ungeuzwa vijiweni wiki ileile."

Sefu aliuma shuka. Mama akafungua kichupa cha mafuta ya nazi, akaanza kumkanda nyayo, kidole kimoja kimoja, kama alivyomkanda utotoni akiwa na homa.

"Unasikia nafuu, baba?"

"Nasikia mkono."

"Mkono tu?"

"Mkono tu."

Muuguzi-chuma akaeleza taratibu, kwa sauti ileile ya kutangaza saa ya chakula: mwili nao hujipikia mofini yake, hasa ukishikwa na mtu unayempenda, lakini hiyo nayo hupita kwenye vijitundu vilevile.

"Hata siku ya harusi yangu," Sefu akasema, "ulinikumbatia, nikasikia mikono."

"Nilidhani umeninunia."

"Miaka kumi na miwili, mama? Si ningechoka."

Mwantumu alikifunga kichupa, akakifungua tena. Mafuta yalikuwa yamemtiririkia hadi kiwikoni.

"Ningekuuliza kabla ya sindano, ungekataa," akasema. "Teja gani angekubali?"

Sefu alisubiri wimbi la maumivu lipite. Halikupita, akasema hivyohivyo.

"Siku ile ya sindano nani alinileta nyumbani? Nilikuja kwa miguu yangu, kutoka kijiweni Chumbageni, na arosto yangu. Nikakaa jikoni nakusubiri. Ukaingia na sindano, hata viatu hujavua." Akavuta pumzi. "Nilikuja kukwambia nataka kuacha. Nilitaka uniulize, mama. Basi."