Kipimo cha Elsi

Asubuhi za Januari, taa ya jikoni ya kina Zupan ilikuwa ya kwanza kuwaka mtaani. Baba alitoka kuwasha gari na kukwangua barafu kwenye kioo, kisha akarudi ndani akipuliza vidole. Alimkuta Marit mezani akiuchokoachokoa uji wake wa shayiri. Mfuko wa vifaa vyake ulikuwa mlangoni, ukinuka jasho la jana.

"Kula, mwanangu. Barafu haina miguu, haiendi popote," baba alisema.

"Barafu haiendi, baba, ila kocha hana subira. Ukichelewa anakukimbiza mpaka uuteme huo uji."

Baba alicheka kidogo. Siku hizi hakucheka sana, kwa kuwa mgodi wa chuma alikofanya kazi ulikuwa umepunguza watu, na mji mzima wa Norvik ulikuwa ukinyauka pole pole. Kilichobaki cha kujivunia katika kona hiyo ya kaskazini ya Minnesota ni timu teule ya wasichana ya hoki ya barafuni. Kila mwaka vyuo vikuu vya kusini vilichukua msichana mmoja au wawili, vikawasomesha bure ili wavichezee.

Marit alikuwa na miaka kumi na saba. Alicheza beki, tena beki mwenye miguu myepesi, na mwaka huu bahati ilionekana kumgeukia. Asubuhi alikuwa barafuni, jioni alinyanyua vyuma, na baada ya chakula alijifungia gerejini akipiga kile kisahani cheusi cha mpira mgumu hadi mama alalamike kuwa nyumba inatikisika. Kocha wa chuo kimoja alikuwa ameahidi kuja kumtazama Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nyumbani jambo hilo halikutajwa sana, lakini kila mtu alikuwa akilisubiri.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Marit alikaa siku zote karibu na Elsi Sorvari. Elsi alikuwa na miaka kumi na minne tu, mdogo kuliko wote, na wenzake walimwita Kifaranga. Yeye hakujali. Alimfuata Marit kama kivuli, akafunga kamba za viatu vyake jinsi Marit alivyofunga, hata utepe wa gongo lake la kuchezea akauviringa vilevile.

"Dada Marit, ukienda chuo utanisahau," alikuwa akimwambia.

"Nitakusahauje na kelele zako hizi? Nitakusikia hukohuko."

Basi kwa mapenzi hayohayo, mwanzoni mwa msimu, Marit alimfundisha Elsi jambo baya.

Kila msimu unapoanza, wachezaji hukalishwa mbele ya kompyuta wapimwe akili zikiwa timamu. Wanakumbuka maneno, wanapanga maumbo, wanabonyeza kitufe rangi inapobadilika. Matokeo huhifadhiwa. Mtu akigonga kichwa hupimwa tena, na akishuka, hujulikana kuwa ubongo umetikisika, naye hukaa nje hadi apone. Lakini wasichana wakubwa wa Norvik walikuwa na ujanja wao, wakiurithishana mwaka hadi mwaka. Marit aliupata kwa waliomtangulia, naye akamnong'oneza Elsi siku ya kipimo.

"Usijikaze, Kifaranga. Kosea kidogo. Bonyeza pole pole kama umetoka usingizini. Ila usizidishe, watakushtukia."

"Kwa nini nikosee wakati najua?"

"Kwa sababu siku ukigongwa, watakulinganisha na leo. Leo ukiwa mjinga kidogo, siku hiyo utaonekana mzima. Unataka kukaa benchi mwezi mzima kwa kichwa kuuma tu?"

Elsi hakutaka. Alicheka, akaingia, akakosea kama alivyofundishwa.

Katikati ya Januari, katika mechi ya nyumbani, Elsi alikuwa akikimbilia kisahani pembeni alipogongana na mpinzani. Viatu vyake vikateleza, akaenda kichwa mbele kwenye ukuta wa mbao. Helmeti ililia kwa sauti iliyomfanya Marit afumbe macho. Elsi aliinuka mwenyewe, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Kocha Hagen, mama mmoja mrefu asiyependa mzaha, alimtoa papo hapo, na siku chache baadaye akapimwa.

"Nimefaulu!" Elsi alimnong'oneza Marit. "Sawasawa na ile ya mwanzo. Mhudumu wa afya anasema kichwa changu kigumu. Ijumaa nacheza."

"Na hakikuumi?"

Elsi alisita. "Kidogo tu. Usimwambie mtu."

Kuanzia hapo Marit alianza kuona mambo ambayo hakutaka kuyaona. Taa za uwanja zilipowashwa, Elsi alikunja uso kama aliyerushiwa mchanga. Kocha alipoeleza zoezi jepesi, alielekea upande usio wake, wenzake wakamcheka, naye akacheka pia ingawa macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Jumatano Marit alimkuta chooni ameegemeza paji la uso kwenye vigae, kwa kuwa vilikuwa vya baridi.

"Nenda nyumbani, Elsi. Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Kipimo kimesema mimi mzima." Akamtazama kwa imani ambayo Marit hakuisahau. "Wewe ndiye uliyenifundisha, dada. Nawe ungecheza, si ndiyo?"

Marit alilowesha kitambaa, akampa aweke usoni. Angesema ndiyo, angekuwa anamwua mtoto wa watu. Angesema hapana, angelazimika kwenda kwa kocha na kueleza, na kocha angeuliza swali la pili, swali kuhusu kipimo chake yeye Marit. Mchezaji ambaye kipimo chake si cha kweli hagusi barafu mpaka daktari amthibitishe upya, na daktari hapatikani kabla ya Jumatatu. Jumamosi ingempita.

Alisimama mlangoni pa ofisi ya kocha siku ya Alhamisi. Aliuona mwanga chini ya mlango na kumsikia kocha akikohoa. Akawaza: mechi ya kesho ni nyepesi, Elsi ataingia mara chache tu, Jumapili nitasema. Akaondoka. Mtu akitaka kukosa huruma, hakosi sababu.

Ijumaa, kipindi cha pili, hakuna aliyemgusa Elsi. Alikuwa akirudi benchi taratibu, zamu yake imekwisha, miguu ikamlegea akaanguka kifudifudi. Gongo lake liliteleza peke yake hadi katikati ya uwanja. Marit alikuwa wa kwanza kumfikia.

"Elsi. Elsi, ni mimi."

Macho ya Elsi yalikuwa wazi, lakini yalimtazama kama mgeni. "Tumeanza?" aliuliza kwa ulimi mzito. Kisha akatapika.

Hospitalini, Marit alikaa ukumbini bado amevaa jezi. Mama yake Elsi alikuwa ndani na bintiye. Kocha Hagen alisimama na daktari, na Marit akasikia daktari akisema haelewi, kwa kuwa matokeo ya juma lililopita hayakuonyesha mtikisiko wowote, na labda watafute ugonjwa mwingine, labda moyo. Hapo Marit akaona kwamba uongo wake ulikuwa bado unaendelea kufanya kazi. Ulikuwa ukiwapeleka madaktari njia isiyo sahihi, huku Elsi akiwa kitandani.

Akasimama.

"Si moyo. Ni kichwa, daktari. Kile kipimo cha mwanzo alikosea makusudi. Mimi ndiye niliyemwambia akosee. Na juma hili lote amekuwa akiumwa, nami nilikuwa najua."

Daktari hakungoja maelezo zaidi, akarudi ndani haraka. Kocha alimgeukia Marit.

"Na kipimo chako wewe?"

"Changu pia, kocha."

"Wangapi wengine?"

"Karibu wakubwa wote."

Kocha Hagen alikaa kitini kama mtu aliyechoka ghafla. "Nilikuwa nakiamini kipimo kile, Marit. Kikisema mzima, nawaingiza. Kumbe mlikuwa mmenifunga kitambaa usoni, mkaniomba niwavushe barabara." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kesho huchezi. Unajua hilo."

"Najua."

Kocha wa chuo alikuja Jumamosi kupitia theluji, akakaa na kahawa yake, akatazama timu iliyokatwa nusu ikifungwa vibaya. Marit alikuwa jukwaani na baba yake. Mgeni yule aliondoka kabla ya kipindi cha mwisho, na mwezi uliofuata nafasi ile ilipewa msichana wa mji mwingine. Baba hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kuna vyuo vingine, kisha akaenda kukwangua theluji ambayo alikuwa ameikwangua tayari.

Timu nzima ilipimwa upya, mbele ya kocha, mmoja mmoja, na ujanja ule ukafia hapo. Elsi alilala siku nyingi. Uhai wake haukuwa hatarini tena, madaktari walisema, lakini mwanga ulimuumiza, kelele zilimuumiza, na kusoma ukurasa mmoja kulimchosha. Barafu hawakuitaja hata kidogo.

Marit alikwenda kwao na mkate mtamu wa kokwa za jozi aliouoka bibi yake. Mama yake Elsi alifungua mlango. Nyuma yake nyumba ilikuwa giza, mapazia yote yamefungwa mchana kweupe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

Yule mama aliupokea mkate. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema kwa sauti ya chini, ili asimwamshe mgonjwa. "Wewe ulimfundisha mwanangu kuficha maradhi kabla hata hajaumwa. Sikiliza, Marit. Daktari ameniambia wangetumia usiku ule kuuchunguza moyo, kama usingesema. Ulisema ukweli, nao ukakugharimu, ndiyo maana nimekufungulia mlango. Lakini ulichelewa, ndiyo maana yumo humu gizani. Ukweli si dawa ya kuwekewa akiba mpaka Jumapili. Unasemwa siku ile unayoujua."

"Ndiyo, mama."

"Vua viatu. Ingia ukae naye. Usiwashe taa."