Mkaa Uliokwisha Kujaa

Kila Agosti babu yangu Torsten hufungua kopo la heringi, samaki wadogo wa baharini, waliochachuka, na jengo zima hukimbilia kufunga madirisha. Watu wengine huwala samaki hao nje, lakini miguu ya Babu haiwezi tena kushuka ngazi. Mwaka huu Bibi Gunvor, mwenyekiti wa wakazi, alimwambia waziwazi, "Torsten, harufu ikifika kwenye ngazi tena, hutafungua kopo humu ndani maisha yako yote!"

Shuleni tulijifunza kwamba mkaa maalumu una vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Chembe za harufu hupenya humo, zikazurura, kisha zikanata kwenye kuta zake. Basi nikatengeneza sanduku la kutilia mkaa huo, lenye feni ya kuvuta hewa, la kuning'inia juu ya meza. Mkaa nilimpa Tuva, mcheza hoki na rafiki yangu tangu chekechea, anitunzie kwenye mfuko uliofungwa kabisa.

"Hujaufungua?" nilimuuliza alipouleta asubuhi.

"We Ylva! Kwani hunijui?"

Mchana tuliutia mkaa sandukuni, Babu akatoboa kopo ndani ya ndoo ya maji ili mchuzi usimrukie. Feni ikavuma. Tulipanga mezani mkate mwembamba, viazi na vitunguu. Babu hajamaliza hata kipande cha kwanza, Bibi Gunvor akagonga mlango.

"Torsten! Mpaka kwangu juu kunanuka!"

Babu aliweka uma chini. Sijawahi kumwona mnyonge vile.

"Gunvor, tupe mpaka jioni," akaomba, akiwafunika samaki. Bibi Gunvor akakubali shingo upande.

"Mkaa wako mbovu, Ylva," Tuva akadakia. "Mimi nilijua tu."

Maneno hayo yaliniuma. Hata hivyo, nilikumbuka kwamba vitundu vikijaa, harufu hukosa pa kunata, na joto kali huweza kuibandua. Nikautandaza mkaa kwenye trei, nikautia ndani ya oveni na kufungua dirisha. Nilitarajia harufu ya samaki. Iliyojaa jikoni ilikuwa ya jasho, jasho kavu la glavu za hoki.

Nikamgeukia Tuva. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Begi langu la hoki lilikuwa linanuka, wenzangu wananicheka," akasema. "Niliuweka humo wiki moja tu, nikaufunga tena. Ulikuwa unaonekana vilevile!"

"Halafu ukanilaumu mimi!" Nililia kwa hasira, mbele yao wote.

Jioni mkaa ulikuwa umepoa. Tuliurudisha sandukuni, Babu akawafunua samaki. Bibi Gunvor alisimama kwenye ngazi akinusanusa.

"Sisikii kitu," akasema. "Hata mwakani fungua tu, Torsten."

Babu alikula kwanza. Kisha akamtazama Tuva.

"Mwanangu, ungesema asubuhi, tungeupasha mkaa moto tukala mchana kwa raha. Ulinyamaza, kisha ukamtupia mwenzako lawama. Anayekuamini hakagui mfuko aliokupa. Kwa hiyo ukweli unapaswa kuusema wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa."

Tuva akaniangalia. "Bado tu marafiki?"

"Sijui," nikamjibu, na kweli sikujua. "Leo kakae upande ule wa Babu."