Aproni ya Baba Mkubwa

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote. Nilikuwa kwenye meza yangu ya kupigia pasi, mgongo unaniuma, najiuliza lini watu wataacha kuvaa mashati meupe. Mimi ni dobi. Mama mkubwa akaingia anaburuta ndara zake, akakaa juu ya furushi la mashuka ya wateja bila hata salamu.

"Amebisha hodi tena," akasema, sauti ya chini kabisa.

Anayebisha ni mumewe. Na mumewe tulikuwa tumeshamzika.

Baba mkubwa alikuwa frimasoni, wala hakujificha. Alikuwa katibu wa loji, tawi la chama chao, tangu mimi sijaota meno, na aliandika vitabu kueleza kwamba wao husomesha yatima na kuuguza wagonjwa. Nani alimsikiliza? Mtaani walimwita Mzee Damu. Mtu ambaye kuku akichinjwa, yeye huingia ndani na kufunga dirisha. Vitabu vyake walinunua wenzake tu, na bado alikaa chumbani kwake akiandika kingine. Macho yakaisha, vidole vikakakamaa, lakini hakupatikana wa kumpokea kalamu. Kustaafu alikusikia kwa watu.

Aproni yake nyeupe, ile wanayoivaa kwenye vikao vyao, niliitunza mimi. Ngozi haipigwi pasi, kwa hiyo niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuikunja alivyonielekeza. Siku moja alipokuja kuichukua akaniambia, "Mwanangu, nikifa nizikwe nayo. Kwetu mtu hapiti mlangoni bila aproni. Anabaki pale pale anabisha, mpaka aliye upande wa pili amjibu kwa kubisha vilevile, kisha atoke kumwangalia." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alipofariki, mama mkubwa aliificha aproni kabatini. "Watu watasema," alisema, na kweli watu wana midomo. Tulimzika bila hiyo, maziko yakapita salama.

Hodi zikaanza baadaye. Mchana, baada ya chakula, nyumba imetulia. Mara tatu, taratibu, kwenye mlango wa chumba alichokuwa akiandikia. Zilitoka ndani. Chumba chenyewe tulikuwa tumekifunga kwa ufunguo, na hakikuwa na mtu. Nami nilizisikia, siku niliyokwenda kumsaidia mama mkubwa kuosha vyombo, na sahani ikanitoka mkononi.

Mama mkubwa akakonda hadi pete ikawa inamvuka. Usingizi ulimhama. Aliweka kiti mbele ya mlango ule, akawa anashinda hapo anasikiliza. Nikaona wazi kwamba hali hii ikiendelea, tutamzika na yeye.

"Huyu mwanaume hachoki?" akaniuliza siku ile, pale juu ya mashuka.

"Nipe aproni yake, nimpelekee."

Akafungua mkoba. Alikuwa ameshakuja nayo, na ufunguo wa chumba pia. "Kaa nao wewe," akanong'ona. "Nisije nikafungua."

"Usimjibu, mama. Hata kwa kukohoa."

"Nimechoka, mwanangu."

Nilidhani amekubali.

Makaburini, mchimba kaburi alinichimbia shimo dogo upande wa kichwani. Nikaiweka aproni, tukafukia, tukashindilia udongo. Nikainama nikamwambia, "Baba mkubwa, pita sasa. Mwache mama alale." Nilirudi kwa mama mkubwa, mwili mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikafurahi. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti chake, kichwa amekiegemeza mlangoni, amelala. Hatimaye. Nikaenda jikoni, nikamwandalia chai.

Chai ikapoa. Nikamwita. Hakuitika. Nikamgusa bega.

Alikuwa wa baridi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ngumi. Vifundo vya vidole vimechubuka. Mlangoni, usawa wa mtu aliyekaa, rangi ilikuwa imebanduka. Alikuwa amemjibu. Nilikaa sakafuni nikalia, maana nilichelewa kwa mwendo wa kwenda na kurudi tu.

Majirani walikuja wakamchukua wakamlaza kitandani. Mmoja akauliza mbona miguu yake mitupu. Ni kweli. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kukanyaga sakafu bila ndara. Nikazitafuta sebuleni. Jikoni. Uani. Hazipo.

Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwangu, haujatoka tangu asubuhi. Nikafungua chumba cha baba mkubwa.

Vumbi lilikuwa limetanda sakafu nzima, halina alama ya unyayo. Ndara zilikuwa ndani, hatua moja kutoka mlangoni. Zimepangwa pamoja, ncha zikinielekea mimi, kama za mtu anayengoja kufunguliwa.

Nikafunga tena. Ufunguo ninao mpaka leo. Nikienda kufagia nyumba ile sikai kwenye kile kiti, hata mgongo uniume vipi.