Mama, Usimwite Mwanao

"Shoga, niangalie usoni. Kesho utasimama au hutasimama?"

Awina alikuwa anapalilia mahindi kana kwamba yale magugu yamemtukana. Hakuinua kichwa.

"Si nimeshakwambia nitasimama? Unataka niape kwa kaburi la nani?"

"La kaka yako."

"Salali! Hilo usilitaje hovyo."

"Ndilo utakalolitaja wewe kesho mbele ya watu. Usipolitaja, Mpanzu anakwenda kufia kwenye mashamba ya mpunga."

"Nimesikia. Nipe nafasi, unanikanyagia maharage."

Huyu Salali alikuwa binti wa mama mmoja, Udayi, wa ukoo wa Ndege, hapahapa kwetu Wacheroki wa mto Tugalu, enzi zile Wazungu wa Karolina wanapanda milimani na farasi kutafuta ngozi za kulungu. Awina ni shoga yake tangu wanaota meno, yeye wa ukoo wa Kulungu. Na Mpanzu, basi, Mpanzu alikuwa mtu wa Kongo, kaletwa na merikebu, kanunuliwa na mchuuzi wa ngozi aliyeitwa Gilkristi. Mzungu alimwita Pompi, jina ambalo wenzake waliwapa mbwa.

Kila majira ya baridi Gilkristi alimwacha kwetu alinde duka. Sasa mtu anakaa kwenu miaka, anaongea lugha yenu, anataniana na wazee, anawapelekea vikongwe kuni bila kutumwa, nyie mnategemea nini? Salali alianza kwa kumpelekea supu ya karanga za porini. Ikafika mahali bakuli linarudi asubuhi. Sasa alikuwa na mimba changa, na waliojua ni Mpanzu na Awina tu. Ndivyo alivyodhani.

Halafu Gilkristi akarudi kutoka pwani na habari moja: Pompi kauzwa kwa tajiri wa mpunga, kesho wanashuka.

Sheria yetu ilikuwa hivi. Mwanamke aliyefiwa anaweza kumshika mtu wa nje mkono mbele ya jumba la baraza, akasema, huyu ni fulani wangu aliyekufa, amerudi. Imekwisha hiyo. Hata chifu hana neno. Yule mtu anakuwa damu ya ukoo ule, na ukimgusa umewagusa wote. Awina kaka yake alikufa vitani. Akimchukua Mpanzu, Mpanzu anakuwa Kulungu, na Kulungu anaoa Ndege vizuri tu. Lakini Ndege na Ndege? Hao ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Wakilala pamoja, wanauawa.

Jioni Salali alimkuta Mpanzu dukani anafunga mizigo.

"Mimi niliyefunga ngozi za kulungu mpaka mikono ikanuka," Mpanzu akasema, "kesho na mimi naitwa Kulungu. Wenzangu hawa watanisamehe kweli?"

"Usinichekeshe. Tumbo linaniuma."

"Linauma au anacheza?"

"Bado hajafikia kucheza, mjinga wewe."

"Basi nitakuletea mguu wa kulungu, wewe utanipa mahindi, tumeoana. Kwetu Kongo ningekulipia mpaka nikonde."

Salali akacheka.

"Mpanzu. Awina hakuniangalia usoni."

"Palizi inachosha, mama watoto. Nenda kalale."

Asubuhi mji mzima ulikuwa pale barazani. Gilkristi kashika farasi mkono mmoja, kamba mkono wa pili.

"Pompi! Njoo hapa!"

Mpanzu hakusogea. Watu wakamgeukia Awina, maana habari ilishazagaa. Awina akatoka mbele, nywele zake zimefungwa utepe mwekundu mpya, unang'aa.

"Sema, shoga," Salali akamwambia.

Awina akaangalia chini. "Kaka yangu amepumzika. Siwezi kumwita."

"Awina!"

"Amepumzika, nimesema!"

"Na huo utepe umepata wapi?"

Kikongwe mmoja akadakia kutoka nyuma, "Si kwa Gilkristi! Tumemwona mara ngapi anatoka kwake alfajiri, viatu anavalia njiani?"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Awina akawaka.

"Ndiyo! Ni mume wangu! Ameniahidi anajenga hapa, anatulia na mimi. Mlitaka nimnyang'anye mume wangu mali yake?"

Hapo mjomba wake Awina akasimama. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, baba ni mgeni tu. Akamsogelea Mzungu polepole.

"Bwana Gilkristi, mguu wa kulungu wa mpwa wangu sijauona. Umemwoa, au hukumwoa?"

Gilkristi akaangalia vile vijana wa ukoo wa Kulungu walivyojipanga, uso ukamwiva.

"Mimi sijaoa mtu hapa. Mke wangu yuko pwani, Chalstoni. Na watoto."

Jamani. Awina aliufungua ule utepe taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Halafu akapiga kelele:

"Basi namchukua! Mpanzu ni kaka yangu! Namchukua!"

"Umechelewa, mwanangu," chifu akasema. "Umeshatamka mbele yetu kwamba marehemu amepumzika. Maiti haichezewi, leo amelala, leo ameamka."

Salali akazungusha macho, akawatafuta wanawake wengine waliofiwa. Kila aliyemwangalia, aliangalia pembeni. Baruti ya waume zao inatoka kwa Gilkristi, na njaa haina aibu.

Akasikia mtu anasimama ubavuni mwake. Ni mama yake. Udayi naye alikuwa na maiti yake: mwanawe wa kiume, Tawodi, aliyechukuliwa na ndui.

Salali akamdaka mkono.

"Mama, usimwite mwanao. Nakuomba."

"Nisipomwita, anaondoka."

"Ukimwita anakuwa kaka yangu! Mama, nina..."

"Najua una nini. Nimezaa watoto sita, unadhani mimi kipofu?"

"Basi unajua. Utaniulia mume."

"Mume ameshauzwa, mwanangu. Mimi nakuuliza, unataka mume anayekufa kwenye matope, au kaka anayepumua? Sitafungua mdomo mpaka wewe uniambie."

Mpanzu alikuwa anawaona. Sheria aliijua kama sisi. Akaita:

"Salali! Niache niende. Nitatoroka, nitarudi."

"Wangapi wametoroka huko wakarudi?"

Kwenye ule mpunga hata walioshuka na nguvu zao hawakufika mbali. Gilkristi akaanza kumfunga kamba mkono wa kushoto.

Salali akauachia mkono wa mama yake.

"Mwite," akasema. Akarudia, maana mara ya kwanza haikutoka vizuri. "Mwite, mama."

Udayi akavuka uwanja, akaushika mkono wa kulia wa Mpanzu.

"Huyu ni Tawodi. Mwanangu. Ndui ilimchukua, leo amerudi."

"Huyo mali yangu!" Gilkristi akafoka. "Nimemnunua! Nitamwambia gavana!"

Kaka yake Udayi akaja akaifungua ile kamba, akamrudishia mwenyewe.

"Pompi wako sisi hatumwoni. Huyu ni mpwa wangu. Mguse, halafu kamwambie gavana."

Mzungu akapanda farasi, akatukana kwa lugha yao mpaka kwenye kivuko.

Udayi akamgeukia binti yake. Hakumwonea huruma. Au alimwonea, ndiyo maana alifanya haraka.

"Mkaribishe kaka yako nyumbani."

Salali akamgeukia Mpanzu. "Karibu... kaka."

"Asante," Mpanzu akasema. "Asante, dada."

Awina alikuja siku nyingine kuomba radhi, kasimama mlangoni na unga wake.

"Nisamehe, shoga."

"Nimekusamehe. Ila shoga usiniite tena."

Mtoto akazaliwa, wa kike. Wakaishi nyumba moja, moto mmoja, chungu kimoja, huyu analala upande huu na yule upande ule, na Udayi katikati. Wanaume walikuja kumposa Salali na miguu ya kulungu; akawarudisha na nyama zao. Mpanzu naye hakuoa. Kwa kuwa kwetu mjomba ndiye mlezi, yule mtoto alimng'ang'ania yeye kutwa: mjomba nibebe, mjomba nichongee, mjomba twende mtoni.

Jioni moja mtoto anakula kwenye paja la Mpanzu, mdomo umejaa, akauliza:

"Mjomba, baba yangu nani?"

Kijiko cha Salali kikasimama hewani.

"Alikuwa mtu wa Kongo," Mpanzu akasema. "Alikufa."

"Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu mzuri?"

Mpanzu akamfuta mtoto mashavu kwanza.

"Muulize mama yako."

Salali akanyanyuka, akasema anakwenda kuchukua kuni. Na kuni zilikuwa zimejaa palepale miguuni pake.