Umri wa Kweli wa Reine

Kila Jumanne na Alhamisi, shule ikiisha, Reine alipanda basi kutoka nyumbani kwao Edmonton hadi uwanjani, mfuko wa viatu vya mbio ukiwa begani. Alikimbia mita mia moja, na alikimbia kweli. Mwaka uliopita alikuwa bingwa wa vilabu vya kaskazini mwa London, kundi la wasichana wenye umri chini ya miaka kumi na minne. Tangu siku hiyo alikuwa na maringo kidogo, tusimfichie. Medali yake aliitundika ukutani karibu na choo, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona.

Kocha wake aliitwa Mzee Jaswant. Alizaliwa Kisumu, na katika ujana wake alikuwa mkimbiaji hodari mwenye vikombe vya kujaza kabati. Sasa alikuwa mzee wa kilemba na ndevu nyeupe, na sauti yake ilifika upande wa pili wa uwanja. Yeye alisema Kiswahili cha Kenya, Reine alisema kile cha Kongo, na walielewana vizuri, hasa Mzee alipokuwa anagomba.

"Mikono, Reine! Unakimbia ama unafukuza nzi?"

Aliyemfuata Reine kila mara ni Poonam, msichana mwembamba wa klabu hiyohiyo. Alizaliwa London na aliongea Kiingereza tu. Walikuwa marafiki wakubwa, ila Poonam alikuwa amechoka kuutazama mgongo wa rafiki yake.

Siku ya Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano ya mwaka huu, ilifika picha kutoka Uvira, kule Kongo. Reine alikuwa anajiandaa kupokea kipaimara kanisani, na padri alitaka kuona karatasi yake ya ubatizo. Bibi yake aliitafuta parokiani, akaipiga picha na kuituma kwenye simu ya baba yake. Baba huyo, Pacifique, alikuwa anafunga viatu aende kazini kwenye ghala la mizigo.

"Mama, mtumie padri hiyo picha," alimwambia binti yake, maana ndivyo alivyozoea kumwita, akampa simu. "Mimi nimechelewa."

Reine aliisoma kabla ya kuituma. Aliliona jina lake, akaliona jina la marehemu mama yake, kisha akaona tarehe ya kuzaliwa. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Karatasi za serikali zilisema alizaliwa tarehe moja Januari na ana miaka kumi na mitatu. Karatasi ya parokia ilisema ana kumi na mitano.

Alishtuka. Kama sasa ana kumi na mitano, basi mwaka jana alikuwa na kumi na minne tayari. Hakustahili kukimbia na wale aliowashinda. Alimtumia padri picha, kisha akanyamaza.

Alhamisi, walipokuwa wakinyoosha misuli, Poonam alimwambia kwamba akiwa wa pili tena Jumamosi ataacha mbio.

"Labda sina kipaji," alisema. "Najitahidi kila siku na bado sikufikii."

 Reine aliinama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Ijumaa, baba yake alipokuwa anakula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, Reine alikaa mbele yake.

"Papa, mimi nina miaka mingapi?"

Pacifique aliacha kutafuna. Alipoonyeshwa picha aliitazama, machozi yakimlengalenga.

"Ulizaliwa mimi nikiwa mbali migodini, na mama yako akafariki kabla sijarudi. Bibi yako alinipa wewe, tukakimbia vita. Kule kambini Uganda karani aliniuliza umri wako. Ulikuwa mdogo hivi, njaa ilikukausha. Nikasema labda miaka minne. Akaandika tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia wote wasiojua. Sikudanganya, mama. Sikujua."

"Lakini sasa tunajua, Papa."

"Tunajua. Na hizi karatasi ndizo zinatuweka hapa. Nikisema zina kosa wataniita mwongo. Wacha kwanza Jumamosi ipite."

Reine hakubishana. Alimwonea huruma baba yake, na ukweli ni kwamba naye aliutaka ubingwa.

Jumamosi jua lilitoka na uwanja ulijaa watu. Mzee Jaswant alikuwa akigawa namba za kubandika kifuani. Alimpa Poonam yake. Poonam aliipokea bila kumtazama mtu, akaibandika juu chini bila kugundua. Reine aliliona hilo. Namba yake ilipotolewa, hakuipokea.

"Mzee, mimi si wa kundi hili. Nina miaka kumi na mitano. Nimejua Jumatano."

Mzee Jaswant alimgeukia Pacifique, aliyesimama karibu na ua.

"Baba Reine, ni kweli?"

 Pacifique alimtazama binti yake, kisha akakaribia.

"Ni kweli, Mzee. Kosa ni langu, si la mtoto."

Mzee hakugomba. Alimshika Pacifique mkono, wakaenda wote watatu kwenye meza ya waamuzi. Waamuzi waliiangalia picha, wakanong'onezana, kisha wakaufuta ushindi wa mwaka jana. Katika kundi la wasichana wakubwa nafasi moja ilikuwa wazi. Kama Reine alitaka, angekimbia huko.

Alikimbia. Alikimbia kuliko siku zote za maisha yake, na bado migongo mitano ilikuwa mbele yake. Alikuwa wa sita. Alilia kidogo, kwa sababu kushindwa kunauma hata kama umefanya vizuri.

Poonam alikuja mbio, medali ikiruka shingoni. Alikuwa ameambiwa yote na waamuzi.

"Kwa hiyo nimekuwa bingwa mwaka mzima," alisema, "na hakuna aliyeniambia!"

"Ile ya mwaka jana nitakuletea Jumanne," alisema Reine, na wote wawili wakacheka.

Mzee Jaswant aliketi kwenye nyasi karibu na Reine na baba yake.

"Jumatatu nitakupeleka kwa wakili wa kituo cha ushauri wa wakimbizi, zile karatasi zirekebishwe," alimwambia Pacifique. "Kutojua si kudanganya. Ungenyamaza leo, hapo ungekuwa umedanganya." Kisha akamgeukia Reine. "Mimi nilikimbia miaka kumi na miwili. Siku moja, kule Kisumu, niliondoka kabla ya bastola kulia. Kidogo tu. Mwamuzi hakuona, nikapewa kikombe. Yule wa pili alikuja akanipa mkono, akaniambia hongera, umenishinda kwa haki. Nilimwambia asante."

"Halafu?" aliuliza Reine.

"Halafu nini? Nina miaka sabini na minne. Mbio zingine zote nimezisahau, lakini ule mkono bado naushika. Ushindi usio wako hauachi kukudai, mtoto wangu. Wewe leo umekuwa wa sita, na hakuna mtu duniani unayeogopa kumtazama usoni."

Pacifique aliweka mkono begani kwa binti yake.