Nafasi Moja ya Meneja

Asubuhi ile mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ulikuwa umefurika. Boti za dagaa zilikuwa zimetia nanga kwa mkupuo, wachuuzi wanagombania ndoo, bodaboda wanapiga honi mpaka ukingoni mwa maji. Katikati ya zogo hilo alisimama Nasra Omari, afisa msaidizi wa mradi wa vichanja vya kuanikia dagaa, kofia ngumu juu ya mtandio wa zambarau, akibishana na fundi wake.

"Fundi Yona, nguzo hii imelala."

"Haijalala, dada. Inapumzika."

Kabla Nasra hajapata jibu la kumfaa, mayowe yakasikika upande wa pili. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi ikakolea, viatu vyeusi vinang'aa, alikuwa amesimama katikati ya dagaa walioanikwa mchangani. Kila alipoinua mguu ili atoke, aliwakanyaga wengine. Akina mama walikuwa wakimshushua kwa Kiha, na pale Kiha kilipoonekana kumpita, wakahamia Kiswahili ili asikose neno.

"Usisogee!" Nasra alipaza sauti. "Simama hapohapo."

"Nisimame mpaka lini?"

"Mpaka nikuombee msamaha."

Akamwombea. Akina mama walisamehe kwa sharti moja: awanunue wote aliowakanyaga. Yule kijana akatoka pale na mfuko wa dagaa waliopondeka, uso umemwiva kwa haya.

"Naitwa Saad," alisema. "Nipo mradi wa maji wa Bangwe. Nilikuja kuangalia bomba letu litapita wapi."

"Unakuja kuangalia bomba na viatu vya harusi?"

"Nina kikao na wafadhili baada ya hapa."

"Basi kaa nao mbali kidogo," Nasra alimwambia. "Unanuka."

Saad alicheka, kicheko cha tumbo, cha mtu asiyejipenda mno. Nasra akajikuta anacheka naye, na fundi Yona akaitumia nafasi hiyo kwenda kunywa chai.

Jumamosi iliyofuata walikutana tena, safari hii kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Mwanga, wote wawili wakiwa wanafunzi wa kozi ya usimamizi wa miradi. Saad aliziona nafasi tele ukumbini, akaenda kukaa ubavuni mwa Nasra.

"Leo sinuki," alimnong'oneza.

"Nimeshakagua," Nasra alijibu bila kugeuza shingo.

Mkufunzi wao, Mwalimu Pastory, aliwauliza kila mmoja kilichomleta. Ilipofika zamu yake, Nasra alisema kweli. Alikuwa msaidizi wa mameneja kadhaa sasa. Kila meneja alikuja kutoka mbali, akalizoea ziwa, akapandishwa cheo, akaondoka. Yeye alibaki na kiti kilekile na neno lilelile, msaidizi. "Nimechoka kuwafundisha watu kazi ninayoweza kuifanya," alisema. Ukumbi ukapiga makofi. Saad alipiga zaidi ya wote.

Jambo moja hakulisema. Mchumba wake wa zamani aliwahi kumtaka achague: ndoa au safari za kikazi. Nasra alichagua begi la safari, na tangu siku hiyo alijiwekea sharti kwamba mwanamume hatazijua tena ndoto zake kabla hazijatimia.

Lakini mapenzi hayaombi kibali. Baada ya darasa walizoea kushuka ufukweni Bangwe, wakakaa juu ya mawe na madaftari yao, mihogo ya kuchoma katikati. Saad alikuwa hodari wa kueleza na dhaifu wa bajeti. Nasra alimsahihisha hesabu, naye akamfundisha Nasra kusimama mbele za watu bila kulikunja pindo la mtandio. Wakiachana, simu zikaanza.

"Mpenzi, unafanya nini?"

"Nasoma vihatarishi vya mradi."

"Mimi ndiye kihatarishi chako."

"Wewe kihatarishi? Wewe ni ucheleweshaji tu. Kata simu nisome."

"Kata wewe."

"Wewe kwanza, Saad."

Hakuna aliyekata mpaka salio lilipowakatia.

Walifaulu wote wawili. Muda si mrefu, shirika moja lililokuwa likianzisha mradi mkubwa wa mialo ya mwambao likatangaza nafasi ya meneja, mtu mmoja tu. Nasra alilisoma tangazo mpaka macho yakamuuma, kisha akatuma maombi. Hakumwambia Saad. Aliyemwambia ni Dada Esther, meneja aliyewahi kumlea kikazi kabla hajahamia Mwanza, ambaye sasa alimnoa kwa simu kila jioni: jibu hivi, keti vile, vaa lile.

Jioni moja Nasra alikuwa juu ya mawe ya Bangwe akimsubiri mpenzi wake, simu sikioni.

"Nakubali kabisa," alikuwa akisema. "Nitavaa gauni la bluu ulilolipenda. Jumatano, ndiyo. Ila tafadhali, Saad asijue."

Alipogeuka alimwona Saad nyuma yake, mihogo mikononi, uso umesinyaa. Saad aliiweka mihogo juu ya jiwe, akapanda mlima kuelekea barabarani. Nasra akampigia.

"Huyo mtu wa gauni la bluu ni nani?" Saad aliuliza.

"Si unavyofikiri. Nitakueleza Alhamisi."

"Kwa nini Alhamisi?"

"Kwa sababu Jumatano nina shughuli."

"Hata mimi Jumatano nina shughuli!" Saad akafoka, akakata simu. Mara hii hakusubiri salio.

Siku hizo chache zilimwendea Nasra vibaya. Akimtumia ujumbe mrefu, anajibiwa "Sawa." Akituma mfupi, anajibiwa "Sawa" vilevile. Mama yake, pale nyumbani Kasingirima, alimwona akiukoroga ugali uliokwisha kuiva.

"Mwanangu, huo ugali umekukosea nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi uache upumue."

Jumatano Nasra alivaa gauni la bluu, mtandio mweupe na viatu vya kisigino kifupi, akaingia kwenye ofisi ya usaili. Kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni, ndani ya suti ya kijivu, aliketi Saad.

Walitazamana kama watu waliofumaniana.

"Gauni la bluu," Saad alisema polepole.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Shughuli yangu ya Jumatano. Yako iko wapi?"

"Hii hii!"

"Kwa hiyo ulinificha?"

"Na wewe ulinitangazia? Umeniletea 'Sawa' wiki nzima, kumbe nawe umejificha humu!"

Walidhani wananong'ona. Katibu muhtasi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Samahani," alisema kwa upole, "mmekuja kuomba kazi au talaka?"

Nasra aliitwa wa kwanza. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Mzee Havyarimana, mtu mzima mnene mwenye miwani, na maswali yake ya mwanzo Nasra aliyajibu vizuri kuliko alivyotarajia. Kisha mzee akaegemea kiti.

"Tupe mfano wa mgogoro kati yako na mtu unayeshirikiana naye, na namna ulivyoutatua."

Jibu aliloandaa na Dada Esther likapeperuka lote. "Kuna mtu," Nasra alianza. "Alisikia nusu ya maneno yangu, akatoa hukumu nzima. Nikakasirika. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, mzee. Nilimficha jambo kubwa, kwa sababu niliwahi kudharauliwa na mtu mwingine. Nilimfanya huyu alipe deni la yule."

"Na umeutatuaje?"

"Bado. Nitautatua nikitoka hapa."

Alitoka akijua amejiharibia. Angeweza kuondoka, lakini alikaa. Saad aliingia, na baada ya muda kicheko kikubwa kikavuma nyuma ya mlango. Saad alipotoka, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Wanacheka nini?" Nasra aliuliza.

"Wameniuliza kuhusu mgogoro. Nikasema kuna mtu ninayemwamini kuliko wote, nikamshuku kwa sababu ya gauni. Yule mzee akavua miwani, akaniuliza: 'Kijana, hilo gauni ni la bluu?'"

Nasra alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katibu muhtasi akawasogezea boksi la tishu. Huko nje, chini ya jua kali, Nasra alimweleza habari za Dada Esther na za yule mchumba wa zamani. Saad alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini na wewe hukuniambia?" Nasra alimuuliza.

"Niliogopa," Saad alisema. "Ukinishinda utaniona si kitu. Nikikushinda hutanisamehe."

Ijumaa Nasra alipigiwa simu. Kazi ilikuwa yake. Aliruka, akamkumbatia mama yake, kisha akampigia Saad.

"Hongera," Saad alisema kwa sauti ndogo, na tangu hapo simu yake haikupatikana.

Nasra alilia chumbani. Alijua anachotakiwa kufanya ili mwanaume arudi: aiache kazi, kama yule mchumba wa zamani alivyowahi kumtaka. Alinawa uso, akaenda ofisini, akatia saini mkataba wake wa kazi. Jumapili akashuka Bangwe peke yake, akaketi juu ya mawe, moyo mzito na kichwa kimeinuka.

Saad alimkuta hapo alasiri, vumbi la safari bado liko kwenye nywele.

"Ulikuwa wapi?"

"Kasulu, kwa mjomba. Nilikwenda kununa."

"Kununa?"

"Nilijua nitanuna, Nasra. Sikutaka uone. Nimenuna safari nzima ya kwenda, nikanuna na mjomba, na wakati wa kurudi nikajikuta namsimulia abiria wa jirani kwamba mpenzi wangu ni meneja wa mialo yote hii. Nikamsimulia mpaka akahama kiti." Alikaa kando yake. "Umenishinda kwa haki. Mzee Havyarimana aliniambia bajeti ndiyo iliyoniangusha, na kozi ya bajeti ya Mwalimu Pastory inaanza mwezi ujao. Nimeshajiandikisha."

Nasra alianza kumpangusa vumbi kichwani.

"Tena nataka kukuoa," Saad aliongeza haraka, kama mtu anayehofia kukatishwa. "Na begi lako la safari nitalibeba mimi mpaka kituoni."

Nasra alimwacha atoke jasho kidogo. Kisha akaushika mkono wake.

"Kesho mlete shangazi yako aonane na mama. Ila mje asubuhi na mapema, baadaye nina kikao."

"Kikao gani hicho kisichoweza kusubiri posa?"

"Cha kwanza cha timu yangu," Nasra alisema, tabasamu limemjaa uso mzima. "Mwenyekiti ni mimi."